Kapsuli za kokoa kwa mtu mnene mwenye kolesteroli: zinashusha kweli au tunauziwa maneno?

MamaZuhura_Tabata

Habari za saa hizi wakuu, naombeni msaada hasa wale wa mambo ya afya maana mwenzenu nipo njia panda. Nina miaka 41, urefu sentimita 160, uzito kilo 98. Nimepima mafuta kwenye damu majibu yametoka hivi: kolesteroli jumla 6.1, LDL (ile kolesteroli mbaya) 4.0, HDL (ile nzuri) 0.95, trigliseraidi (mafuta mengine ya kwenye damu) 2.6, vipimo vyote ni milimoli kwa lita. Presha ilisoma 138/88, sukari daktari kasema iko mpakani haijawa kisukari. Akaniandikia atovastatini miligramu 20 nimeze usiku, nipunguze uzito, nirudi baada ya miezi mitatu.

Sasa kwenye grupu letu la WhatsApp la kupunguza mwili kuna dada anauza kapsuli za kokoa, kopo la mwezi mmoja elfu 95. Anasema zinayeyusha mafuta kwenye damu hasa kwa sisi wanene, na kwamba Marekani wamefanya utafiti wa watu zaidi ya elfu ishirini ikaonekana zinapunguza vifo vya moyo. Alafu ananishauri dawa ya hospitali niiweke pembeni kwanza mana inaharibu ini, na mimi nimeshaambiwa ini langu lina mafuta kwaiyo hapo ndo nimeogopa zaidi. Mume wangu hataki hata kusikia habari ya kapsuli, mama mkwe anasema kokoa ni chakula tu haiwezi kumdhuru mtu.

Ninachotaka kujua, huo utafiti upo au ni maneno ya biashara? Zinashusha hizi namba zangu? Na kama kitu chenyewe ni kokoa si bora ninunue ya unga dukani ninywe kuliko kutoa elfu 95 kila mwezi?

dozi_kamili

Pole dada, na hongera kwa kupima, wengi wanasubiri mpaka mdomo upinde ndo wapelekwe hospitali. Mimi ni mfamasia, nipo Mwanza, na haya maswali ya kokoa yanakuja sana dirishani siku hizi, kwaiyo nitaandika kwa urefu univumilie.

La kwanza kabla ya yote, usiache atovastatini. Habari ya ini imekuzwa kupita kiasi. Ni kweli kuna wachache ambao vimeng'enya vya ini vinapanda wakianza statini, yani kundi la dawa za kushusha kolesteroli ambalo atovastatini imo, ndo maana daktari akiona sababu anapima, lakini ini lenye mafuta kama lako peke yake sio sababu ya kuikataa hiyo dawa, na watu wa namna yako ndo wanaihitaji zaidi kwa sababu kinachowaua mara nyingi ni moyo. Cha kuangalia ni maumivu ya misuli yasiyoeleweka au mkojo kuwa mweusi kama kahawa, ukiona hivyo rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na kama una mpango wa kubeba mimba mwambie daktari mapema, hiyo nayo ni muhimu na huwa haiulizwi.

Utafiti anaoutaja upo kweli. Unaitwa COSMOS, uliongozwa na watu wa hospitali ya Brigham and Women's kule Boston na majibu ya kokoa yalitoka 2022. Walikuwa watu 21,442, wanawake kuanzia miaka 65 na wanaume kuanzia 60. Kundi moja lilipewa kapsuli za kokoa zenye miligramu 500 za flavanoli kwa siku, yani zile kemikali za asili zilizomo kwenye kokoa, lingine likapewa vidonge tupu vinavyofanana, wakafuatiliwa kwa miaka kama mitatu na nusu hivi. Swali kuu lilikuwa matukio yote ya moyo na mishipa ukiyajumlisha, mshtuko wa moyo, kiharusi, kuzibuliwa mishipa na mengineyo. Yalipungua kwa asilimia 10, lakini kitakwimu hiyo tofauti haikuvuka mstari, inawezekana ni bahati tu. Vifo vya moyo na mishipa vikapungua kwa asilimia 27, na hapo ndo wauzaji wanaposhika. Ila hicho kilikuwa kipimo cha pili sio swali kuu, na watafiti wenyewe waliandika kwamba inahitajika kazi zaidi kabla ya kushika hilo kama ukweli. Ni vizuri kujua pia kwamba vidonge na sehemu ya fedha vilitoka kwa kampuni ya Mars, hili lilitangazwa wazi, halimaanishi wamedanganya.

Sasa linganisha na wewe. Wale ni wazee, hawakuchaguliwa kwa sababu ya unene, swali halikuwa kolesteroli, na hakuna aliyeambiwa aache statini yake ili atumie kokoa. Mtu akichukua huo utafiti akakuambia mwanamke wa miaka 41 aache dawa, amechukua kitu akakipeleka mahali kisipohusika.

Tuje kwenye mafuta yenyewe. 2012 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 42 za kokoa na chokoleti, watu kama 1,300 kwa jumla. LDL ilishuka kwa wastani wa 0.07 na HDL ikapanda kwa 0.03. Kabla ya hapo kuna chambuzi ndogo zilizopata LDL kushuka kama 0.15, na hizo ni tafiti za muda mfupi. Sasa weka kwenye namba zako: LDL yako 4.0 ikishuka 0.07 inakuwa 3.93. Ikishuka 0.15 inakuwa 3.85. Atovastatini miligramu 20 inashusha LDL kwa asilimia 40 hivi, yani kutoka 4.0 unategemea kufika 2.4 au karibu na hapo. Yani ukiacha kile ukashika hiki umepoteza karibu kila kitu, na nasema hivi kwa moyo mzito kwa sababu nimeona watu wakirudi na kiharusi baada ya kuacha dawa kwa ushauri wa grupu.

Alafu kuna jambo la sisi wanene ambalo haliongelewi. Angalia majibu yako vizuri, trigliseraidi juu, HDL chini, hiyo ni picha ya unene wa tumboni na insulini kushindwa kufanya kazi sawasawa. Mwili ukiikaidi insulini, mafuta yanamiminika kutoka kwenye kitambi kwenda kwenye ini, ini linayafungasha linayatupa kwenye damu, hiyo ndo trigliseraidi inayopanda. Zikijaa kwenye damu zinabadilishana mzigo na HDL, HDL inakuwa dhaifu na inatolewa haraka, na hata LDL zinageuka kuwa ndogo ndogo zilizobana. Kwaiyo mzizi uko kwenye ini na tumbo. Ukipunguza asilimia 5 mpaka 10 ya uzito, kwako ni kilo 5 mpaka 10 tu sio lazima ufike 60, trigliseraidi inaweza kushuka kwa asilimia 20 hivi. Hakuna kapsuli ya kokoa iliyowahi kuonyesha hivyo kwa uhakika.

Ambacho flavanoli za kokoa zinafanya ni kwenye mishipa. Zinasaidia ukuta wa mshipa kutoa naitriki oksaidi, mshipa unatanuka vizuri kama mpira mpya wa kumwagilia, na ndo maana Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya 2012 ilikubali isemwe kwamba miligramu 200 za flavanoli kwa siku zinasaidia mishipa kubaki na mnyumbuko. Haikusema kolesteroli. Marekani nao, Februari 2023, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, waliruhusu maneno kuhusu unga wa kokoa wenye flavanoli nyingi na ugonjwa wa moyo, kwa sharti kwamba iandikwe ushahidi ni mdogo sana, na wakasema haihusu unga wa kawaida wala chokoleti. Presha nayo inashuka kidogo, uchambuzi wa 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchambua tafiti, ulipata wastani usiofika 2. Kwa 138 yako utaiona hata kwenye mashine? Hautaiona.

Kuzitumia pamoja na statini sijui sababu kubwa ya kukukataza kama kapsuli ni safi na mfuko unaruhusu, ila mwonyeshe daktari hilo kopo. Kama figo zina shida au unatengeneza mawe ya figo usiguse bila ushauri, kokoa ina oksaleti nyingi.

MamaZuhura_Tabata

Asante sana mkuu nimekuelewa vizuri, atovastatini siachi. Ila la unga wa dukani hujanijibu. Nina kopo la ile ya kunywa na maziwa nyumbani watoto wanakunywa, hiyo haina hizo flavanoli?

Mwana_wa_Kyela

Hapo niruhusiwe mimi, dada, mana kokoa naijua kutoka shambani, sisi Kyela ndo tunaolima nyingi kuliko wilaya yoyote hapa Tanzania.

Hilo kopo la kunywa na maziwa geuza nyuma usome viambato. Cha kwanza kuandikwa ndo kingi kuliko vyote, na karibu zote utakuta ni sukari. Kwa trigliseraidi ya 2.6 unajiongezea tatizo, sukari ikizidi ini linaigeuza kuwa mafuta yale yale aliyoeleza mfamasia. Waachie watoto, na wao kwa kiasi.

Kokoa tupu ya unga ni kitu kingine ila nayo ina mambo yake. Tunda likivunjwa, mbegu ziko kwenye ute mweupe mtamu, watoto wetu wanaumumunya. Mbegu mbichi ukiikata katikati ni zambarau na ukiitafuna inakaza ulimi wote, ule ukakasi ndo hizo flavanoli zenyewe. Sasa sisi tunazivundika, tunajaza kwenye masanduku ya mbao au tunafunika na majani ya mgomba, siku tano sita tunazigeuza, joto linapanda mpaka ukiweka mkono unautoa, alafu tunaanika juani. Mnunuzi akija anakata mbegu kadhaa kwa kisu, akikuta ndani bado zambarau anasema haijavundikwa bei inashuka, anataka kahawia. Kwaiyo soko lote linatulipa tuzitoe hizo flavanoli, mana bila hivyo chokoleti haina ladha. Baada ya hapo kiwandani wanakaanga, zinapungua tena.

Alafu kuna hatua ya mwisho ambayo ndo inaua kabisa, kuipitisha kwenye alkali ili iwe nyeusi isiwe chachu na iyeyuke vizuri kwenye maziwa. Wamarekani waliwahi kupima hiyo 2008, unga wa asili ulikuwa na wastani wa miligramu 34.6 za flavanoli kwa gramu, uliopitishwa sana kwenye alkali ukabaki na 3.9. Kwenye pakiti tafuta neno alkali au namba E501, hiyo ni potasiamu kaboneti. Ukiona unga mweusi tii usio na uchachu jua umeshapita huko. Wa asili una rangi ya udongo mwekundu hivi na ni mchachu mchungu.

Ukitaka kokoa kwa kupenda ladha, tafuta ya asili, kijiko kimoja kwenye maji moto au maziwa yasiyo na mafuta mengi, bila sukari. Siyo dawa, ni kinywaji kizuri na hela inabaki kwa mkulima wa hapa nchini. Wale wa kapsuli wenye kazi ya kweli wanatumia mbegu ambazo hazijavundikwa au zimevundikwa kidogo, na wanaandika kwenye kopo miligramu ngapi za flavanoli. Muulize huyo dada wa grupu kopo lake linasema ngapi. Kama limeandikwa tu unga wa kokoa miligramu 500, hiyo ni nusu gramu ya unga. Miligramu 500 za unga na miligramu 500 za flavanoli ni vitu viwili tofauti kabisa, msije mkaibiwa hapo.

Jembe_la_Moro

Mimi nina ushuhuda tofauti kidogo wakuu. Nilikuwa na kilo 112, nikatumia kapsuli za kokoa na HDL yangu ilitoka 0.9 ikafika 1.0, trigliseraidi ikashuka kutoka 2.9 mpaka 2.1. Kwenye kipindi hicho niliacha bia na soda kabisa na jioni nikawa natembea kutoka kazini mpaka nyumbani. Lakini naamini kapsuli zilichangia, nguvu niliihisi, hata kupanda ngazi sikuwa nahema tena. Kwaiyo msizikatae moja kwa moja.

maabara_ya_mkoa

Jembe hongera sana kaka, hayo ni majibu mazuri na umeyafanyia kazi. Ila mimi nakaa na mashine za hivi vipimo kila siku, acha niseme kitu kuhusu namba zako. Mtu yule yule akipimwa wiki hii na wiki ijayo bila kubadilisha chochote, kolesteroli inaweza kutofautiana kwa asilimia 5 mpaka 10, na trigliseraidi inaruka zaidi, asilimia 20 ni kawaida. HDL kutoka 0.9 kwenda 1.0 iko ndani ya huo mtikisiko. Trigliseraidi kushuka kwa 0.8 hiyo ni kubwa naiamini ni ya kweli, lakini umeacha bia na soda! Pombe na sukari ndo vitu viwili vinavyopandisha trigliseraidi haraka kuliko vyote, na ukiviacha inashuka ndani ya wiki chache tu. Kutembea nako kunaondoa kuhema. Naomba kwa dhati sifa uwape miguu yako, mana kopo likiisha na hela ikikosekana usije ukadhani safari imeishia hapo.

Ndo mana tafiti wanatumia kidonge tupu upande wa pili, wote wanabadilika kidogo wakijua wanaangaliwa.

BiMkubwa_Kizingo

Salaam aleikum nyote. Mie niko Mombasa, nina uzito na nina kolesteroli kama dadaangu MamaZuhura, na statini natumia. Nataka kuongeza jambo ambalo daktari wangu alinambia na sijaliona hapa. Huku kwetu tunaangalia vya kununua na vya kupikia hatuviangalii. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni. Tui la nazi lile zito la kwanza lina mafuta ambayo yanapandisha LDL, na mtu anakula hivyo kila siku alafu anatafuta kapsuli imshushie 0.07. Mie sijaacha nazi, mtu wa pwani akiacha nazi atakula nini, lakini natumia tui jepesi na siku nyingine napika mchuzi bila nazi.

Na kahawa. Kahawa tungu ile ya kuchemshwa kwenye dele isiyochujwa kwa karatasi ina kitu kinaitwa kafestoli, nacho kinapandisha LDL kwa anayekunywa nyingi kila siku. Ikipita kwenye chujio la karatasi kinabaki huko. Mume wangu hupiga vikombe na wazee wenzake barazani kutoka alasiri mpaka magharibi, vidogo lakini vingi, na yeye ndiye alonunua chokoleti nyeusi kwa ajili ya moyo. Chokoleti yenyewe bwana wee mafuta ya kokoa kama theluthi moja ni asidi ya steariki ambayo haipandishi LDL, hapo ni sawa, lakini kalori ni zile zile na sisi wanene hatuna nafasi ya kalori za ziada.

Suali kwa mfamasia, wale watu wa visiwani Panama wanaosemwa kila mara kwamba wanakunywa kokoa na hawana presha, ni kweli?

dozi_kamili

Waaleikum salaam Bi Mkubwa. Ndio ni kweli, ni Wakuna wa visiwa vya San Blas. Daktari Norman Hollenberg wa Harvard aliwachunguza miaka ya 1990, akakuta presha yao haipandi na umri kama yetu, na waliohamia Jiji la Panama ikapanda. Visiwani walikuwa wanakunywa kokoa nyingi waliyotengeneza wenyewe. Lakini hao hao walikula samaki na matunda, walipiga kasia na kutembea, na waliohamia mjini walibadilisha maisha yote sio kikombe peke yake. Ndo ilikuwa mwanzo wa swali, na tafiti kama COSMOS zilifanywa kutafuta jibu kwa njia iliyo sahihi zaidi. Na bado hao walikuwa habari ya presha, sio mafuta ya damu.

Hiyo hoja ya nazi na kahawa ni ya maana sana, nashukuru umeileta.

Kitu kimoja nilisahau kwa MamaZuhura. Mkweo anasema chakula hakidhuru, mwambie kwa heshima kwamba mti wa kokoa unavuta kadimiamu, metali nzito yenye sumu, kutoka kwenye udongo, na hiyo ikiingia kwenye figo inakaa miaka mingi sana. Ulaya wameweka kikomo tangu 2019, unga wa kokoa unaouzwa kwa mlaji usizidi miligramu 0.6 kwa kilo. Kikombe kimoja hakina shida, ninachoogopa ni kapsuli ya kila siku kwa miaka kutoka kwa mtu asiyeonyesha cheti chochote cha kipimo. Kopo lisilo na jina la kiwanda, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho, usinunue.

MamaZuhura_Tabata

Nimeenda kuangalia picha ya kopo alilonitumia, limeandikwa unga wa kokoa miligramu 500 basi, flavanoli hakuna popote wala jina la kiwanda. Nimemwambia sichukui. Elfu 95 nitanunulia samaki na mboga, na raba za kutembelea mana za sasa zinaniumiza vidole. Unga wa asili wa Kyela nautafuta kwa ajili ya kinywaji cha jioni badala ya soda. Swali la mwisho kwa mtu wa maabara, nikirudi baada ya miezi mitatu nije nimefunga kula au sio lazima? Kuna wanaosema siku hizi hawafungi.

maabara_ya_mkoa

Ni kweli sehemu nyingi sasa kipimo cha kwanza hawalazimishi kufunga, ila wewe trigliseraidi iko juu na unataka kulinganisha na ya mwanzo, kwaiyo funga kwa muda wa masaa 10 mpaka 12. Kula cha usiku mapema, chepesi, sio siku ya harusi. Kama unatumia kilevi chochote kiache siku tatu kabla. Nenda maabara ile ile, asubuhi, na kama utakuwa na homa au umetoka kuumwa ahirisha kidogo mana ugonjwa unachezea hizi namba.

Na usianzishe kitu kingine kipya hapo katikati, iwe kapsuli, mafuta ya samaki au unga wa mlonge. Statini inaonyesha kazi yake ndani ya wiki nne mpaka sita, kwaiyo miezi mitatu inatosha kabisa kuiona, lakini ukichanganya vitu daktari hatajua apunguze kipi au aongeze kipi. Maji unakunywa kama kawaida asubuhi hiyo, chai ya maziwa hapana, na atovastatini ya usiku uliotangulia unaimeza.